Kusudi la Safari: Ukaguzi

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilirudi Masasi kumsaidia Baba kuhamisha vitu kutoka chumba cha uani kilichoanza kuvuja. Ndani ya sanduku la bati, chini ya vyeti vyetu vya shule na risiti za korosho, nilikuta daftari refu lenye jalada gumu la kijani. Upande mmoja lilikuwa limelowa mafuta mpaka kurasa zimekuwa kama karatasi ya kufungia maandazi. Ilikuwa logibuku ya pikipiki. Kwa wale ambao hawajawahi kufanya kazi ya mradi: kila chombo cha ofisi kilikuwa na daftari la namna hii, na kila safari ilitakiwa kuandikwa humo. Tarehe. Kilomita za kuondoka. Kilomita za kurudi. Lita za mafuta. Unakokwenda. Kusudi la safari. Sahihi.

Nilianza kusoma nimesimama, kwa uvivu tu, halafu nikajikuta nimekaa sakafuni. Safari nyingi zilikuwa na kusudi linaloeleweka: kugawa salfa, kikao cha wakulima, kuhesabu mikorosho. Lakini kuanzia katikati ya mwaka 1991, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kuna mstari unaofanana na mwenzake. Newala. Ukaguzi. Mwezi baada ya mwezi, miaka minne mfululizo. Newala. Ukaguzi.

Nikatoka nje na daftari mkononi. Baba alikuwa amekaa chini ya mwembe, mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele kama kawaida yake.

"Baba, hii Newala ulikuwa unakagua nini?"

Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa nakagua nani ana mbio."

Ndivyo nilivyojua, nikiwa mtu mzima na watoto wangu, kwamba baba yangu, Bwana Shamba mpole anayekunja suruali yake kwa mstari kabla ya kulala, alikuwa dereva wa mbio za pikipiki.

Kwa asiyeijua kusini, naomba nieleze kwanza hiyo njia, maana bila njia hakuna habari. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla kutoka ardhini, Mtandi na Mkomaindo na wenzao. Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi imekatika mbele ya miguu yako, na chini kule bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya bonde ni Msumbiji. Kati ya miji hii miwili ni kilomita sitini na kitu. Unatoka Masasi, unavuka Mto Mwiti, unaanza kupanda, na ukishapanda unaingia kwenye mchanga.

Huo mchanga ndio wenyewe. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua ikinyesha, maji yanazama moja kwa moja, yanakwenda kutokea chini kabisa kwenye miteremko. Ndiyo maana mama zetu wa Newala walikuwa wakishuka na kupanda ukingo ule na ndoo kichwani tangu alfajiri, na ndiyo maana mradi wa kusukuma maji kupandisha uwandani, ulioanza miaka ya 1950, unakumbukwa na wazee kama vile watu wengine wanavyokumbuka uhuru. Sasa chukua ardhi hiyo isiyoshika maji, ipitishe malori ya korosho miaka na miaka, halafu isubiri hadi mwezi wa nane. Unapata njia ambayo si barabara tena. Ni mfereji wa unga. Watu wa Dar hudhani adui wa barabara ni mvua. Juu ya uwanda ni kinyume: mchanga ukilowa unashikana, unapita vizuri tu. Kiangazi ndicho kinachokuzika.

Watu wameipigania njia ya kuja kwetu muda mrefu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule ambaye wapenzi wa lugha wanamjua kwa vitabu vyake vya sarufi ya Kiswahili, alitembea kwa miguu kutoka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi Masasi. Miaka ya mwisho ya 1940 Waingereza walileta reli kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Karanga zikagoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Hata kufika Dar es Salaam kwenyewe, hadi daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, masika ilikuwa na uamuzi wake. Kwa hiyo kwa mtoto wa Masasi wa umri wangu, chombo kilichopita popote, wakati wowote, kilikuwa kimoja tu.

Nasema pikipiki, lakini tusichanganye mambo. Sizungumzii bodaboda. Bodaboda zimekuja juzi. Kanuni za kuzitambua kama usafiri wa biashara zilitoka mwaka 2010. Kabla ya hapo, kwetu, pikipiki haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa ya ofisi, ya misheni, au ya wafadhili. Wafini walikuwepo Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 kwa habari za maji, na mwaka 1988 wakaja na mradi mpana wa vijijini uliojulikana kama RIPS. Wabenediktini wa Ndanda walikuwa na vyombo vyao, Waanglikana wa Masasi vyao. Na kulikuwa na miradi ya korosho. Baba alikuwa kwenye mmojawapo, na sitautaja kwa sababu ambayo utaiona huko mbele.

Korosho ndiyo iliyoleta zile pikipiki, na korosho ilikuwa mgonjwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Miaka kumi na kitu baadaye mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na wazee wanagombana hadi leo ipi ilitangulia: watu kuhamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, bei kutokuwa na maana, halafu ukungu mweupe unaoitwa ubwiriunga ukakamata maua. Dawa iliyopatikana ilikuwa unga wa salfa. Unapuliziwa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado upo, kisha unarudia kila baada ya wiki mbili wakati wa maua. Ukikosa raundi mbili umekosa msimu. Mtu wa kumweleza mkulima hivyo, na kumwonyesha, na kurudi kumkagua, alihitaji kupita kwenye ule unga wa mchanga vijiji saba kwa wiki. Basi akapewa pikipiki.

Baba alipewa Yamaha DT 125. Bwana Mifugo alikuwa na Honda XL 125. Bwana Chanjo alikuwa na Yamaha AG 100, kile kipikipiki cha mashambani chenye kerieri mbele na nyuma, cheni imefunikwa, na stendi pande zote mbili ili hata ukisimama kwenye mteremko kisianguke. Mratibu wa elimu alikuwa na Suzuki ambayo, kwa maelezo ya Baba, "ilikuwa inakohoa kuliko kutembea". Na kwa miezi michache alikuwepo padri mmoja kijana, naye na XL, ambaye peke yake hakuwa na logibuku, kwa kuwa, alivyowaambia, bosi wake anaona kila kitu hata kisipoandikwa.

Mimi nilizaliwa 1988. Ninachokumbuka ni sauti. Jina pikipiki lenyewe ni mlio, kama ilivyo tukutuku, lakini majina hayo yalitungwa na watu waliosikia mashine moja. Sisi watoto tulikuwa tunazitofautisha kabla hazijaonekana. XL ilikuwa na injini ya mipigo minne, inaunguruma chini chini, kama mtu mzima anayesafisha koo. DT ilikuwa ya mipigo miwili, inakunywa oili pamoja na petroli, na ikipandishwa inalia kama nyuki ndani ya debe. Na ule moshi! Buluu, mtamu, unabaki uani dakika kadhaa baada ya Baba kuzima. Mpaka leo nikiusikia mahali, nageuka kuangalia mlangoni.

Mbio zilikuwa hivi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kulikuwa na sababu halali ya watu wote hao kuwa Masasi asubuhi: ripoti, mshahara, mafuta. Na kulikuwa na sababu nusu halali ya kwenda Newala mchana. Walikuwa wanakwenda taratibu mpaka Mto Mwiti. Pale wanazima, wanapumzika, wanapunguza upepo kwenye matairi. Halafu wanapiga kiki kwa pamoja. Mwisho wa mbio ni mwembe wa kwanza wa mji wa Newala. Wa mwisho kufika analipa supu ya mbuzi na soda za wote.

Masharti yalikuwa matatu, na Baba aliyataja kama mtu anayesoma katiba. Kwanza, mwenye mzigo hashindani: ukiwa na boksi la chanjo, au abiria, au fedha za watu, unakuja nyuma kwa heshima yako. Pili, kijijini ni gia ya pili. Ukitimua vumbi mbele ya nyumba za watu umeshindwa, hata kama umefika wa kwanza. Tatu, ukimkuta mwenzio chini, unasimama.

"Aliyekuwa anasimamia hayo masharti nani?"

"Wanakijiji. Unadhani walikuwa hawajui? Tukipita wanatuhesabu."

Namna ya kupita mchanga alinieleza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunieleza jambo lolote, pamoja na ndoa. Unasimama juu ya vikanyagio, magoti yameshika tanki. Uzito unaurudisha nyuma ili gurudumu la mbele lielee. Usukani utacheza, utaenda kushoto na kulia kama mkia wa samaki, na wewe hutakiwi kuupinga, unauachia ucheze ndani ya mikono yako. Huangalii gurudumu, unaangalia mbali, kule unakotaka kufika. Na jambo gumu kuliko yote: ukiogopa, unaongeza mafuta. Mwili wote unakwambia punguza. Ukipunguza, gurudumu la mbele linazama, linajikunja, na wewe unaendelea na safari bila pikipiki. Breki ya mbele isahau kabisa, jifanye haipo. Ukifika panapoanza kokoto na makorongo ya ukingoni, huko sheria zinageuka: sasa taratibu, gia ya chini, na kila jiwe unalichagua.

DT ilikuwa nyepesi, inafaa mchanga. XL ilikuwa na nguvu ya chini, inafaa kupanda. Kwa hiyo kila mbio ilikuwa na mambo mawili: Bwana Mifugo anakuacha kwenye mlima, Baba anakufuata mchangani. Kati yao, kwa hesabu ya Baba, walishinda karibu sawa. Bwana Mifugo ana hesabu nyingine.

Mama naye alikuwa anajua matokeo. Hakuwahi kuuliza na hakuwahi kuambiwa. Aliniambia mwenyewe, siku ile ile ya daftari, akiwa jikoni: "Mimi nilikuwa nasoma shati. Akirudi kifua kimejaa vumbi, alikuwa nyuma ya mtu. Akirudi kifua safi, najua leo tutakula kwa furaha."

Sasa nitoke kidogo nyumbani. Mchezo huu una historia yake iliyoandikwa, na mtu akiisoma atadhani haikuwahi kutukaribia. Mwanzo wake unatajwa kuwa mwaka 1924 huko Camberley, kusini mwa Uingereza, ambako watu walikubaliana kushindana kwa pikipiki porini, mwenye muda mfupi ndiye mshindi, basi. Wafaransa baadaye wakaupa jina la motokrosi. Mwaka 1968 Yamaha ikatoa DT-1, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akaweza kununua dukani pikipiki nyepesi ya porini kwa bei inayofikirika. DT ya Baba ni mjukuu wa hiyo. Tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza wa mbio za Paris hadi Dakar ukaondoka, na Mfaransa Cyril Neveu akazishinda akiwa juu ya Yamaha XT 500. Hapa Afrika Mashariki kuna viwanja vya motokrosi vinavyofahamika: Jamhuri Park kule Nairobi, Garuga na Busiika kule Uganda. Kwa magari tulikuwa na Safari Rally tangu 1953, na redioni watu wa rika la Baba waliwafahamu Joginder Singh na Shekhar Mehta kama wanavyowafahamu wachezaji wa Simba na Yanga. Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam kabisa.

Kwenye vitabu ni hivyo hivyo. Tunao Ernesto Guevara kwenye Norton yake mwaka 1952, ile pikipiki iliyomfia Chile. Na huyo huyo Guevara alikuja kukaa kimyakimya Dar es Salaam mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966, akiandika habari za kushindwa kwake Kongo. Tunaye Robert Pirsig wa mwaka 1974, aliyefanya ufundi wa pikipiki kuwa falsafa. Tunaye Ted Simon aliyeondoka London mwaka 1973 kwenye Triumph, akaizunguka dunia kwa miaka minne, na Tanzania ilikuwa njiani. Nimewasoma wote watatu na nimewapenda. Ila kuna kitu kinanikera, na nadhani mniruhusu niseme. Katika hivyo vitabu barabara mbovu ni jambo linalompata msafiri, anapambana nalo, analiandika, anaondoka. Mtu anayeipita barabara hiyo hiyo Jumanne na Alhamisi, miaka kumi, akiwa na kilo hamsini za salfa nyuma, anaonekana kwa mbali akipunga mkono. Yeye naye aliandika. Tatizo aliandika kwenye logibuku, na pale penye nafasi ya hadithi akaandika "ukaguzi".

Sisemi Baba alikuwa Neveu. Nasema Neveu alikuwa na helikopta.

Kuna mwanamichezo mmoja mkubwa aliyewaona watu wa aina ya Baba. Randy Mamola, Mmarekani aliyemaliza wa pili duniani mara nne katika mbio za lami za pikipiki kubwa, alikwenda Somalia mwaka 1988 na rafiki yake mwandishi, Barry Coleman. Wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala zinaota kutu, na kilichoziua hakikuwa vita wala ajali: ni oili isiyobadilishwa, cheni isiyokazwa, plagi isiyosafishwa. Kutokana na safari hiyo ndipo lilipozaliwa shirika la Riders for Health. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana ukienda nyuma ya ofisi yoyote ya zamani Masasi au Newala, chini ya mwarobaini, utayakuta makaburi hayo hayo. Mradi unaisha, pikipiki inabaki, plagi inakufa, kuku anatagia juu ya siti.

DT ya Baba haikufikia hatua ya kuku.

Mstari wa mwisho wa logibuku ni wa tarehe 28 Julai 1995. Ijumaa. Kilomita za kuondoka zimeandikwa. Kilomita za kurudi hakuna. Kusudi la safari: ukaguzi wa mashine za salfa, Newala.

Mimi nilikuwa na miaka saba, na habari niliyokua nayo ni hii: Baba alikuwa kazini, mbuzi akakatiza barabara, Baba akamkwepa, akaanguka, akavunjika paja. Nimeisimulia hivyo shuleni, chuoni, na kwa mke wangu. Nimewahi hata kuitumia kwenye makala moja kuhusu usalama wa mifugo barabarani, Mungu anisamehe.

Hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na korongo, na Bwana Mifugo yuko mbele, na Baba ameona nafasi upande wa kushoto ambayo haikuwepo. Bwana Mifugo alisikia ile sauti ya nyuki ikikatika ghafla, akageuza. Kwa mujibu wa sharti la tatu. Akamfunga mguu kwa matawi na shati lake mwenyewe, akakaa naye karibu saa mbili hadi likapita lori la magunia. Njiani kwenye lori, Baba akiwa anapiga kelele kila wanaporuka shimo, ndipo mbuzi alipozaliwa. Bwana Mifugo ndiye aliyemleta. Mradi ulikuwa na kanuni: ajali ya kazini inagharamiwa, mchezo unafukuzisha kazi. Akaandika taarifa, akasaini kama shahidi. Na nani atabishana na afisa mifugo kuhusu mbuzi?

Mradi ukalipa hospitali. Mshahara ukaendelea. Sisi watoto tukaendelea na shule. Naweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba ada yangu ya darasa la pili ililipwa na mbuzi asiyekuwepo.

Hapo nilidhani habari imeisha, na ni habari nzuri, ya kuchekesha, ya urafiki. Nikamwambia Baba nitaiandika. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama najua Julai ni mwezi gani.

Julai ni katikati ya maua. Pikipiki ilikuwa imevunjika uma wa mbele, na mradi haukuwa na nyingine. Orodha za wakulima zilikuwa kichwani mwake na kwenye begi lake. Kwa wiki nyingi vijiji vyake havikupata mtu wa kuja, na salfa ya baadhi yao ilikaa ghalani mpaka maua yakawa meusi. Wengine walipuliza wenyewe mchana wa upepo, unga ukaenda kwa jirani. Raundi mbili, tatu, zikapita. Mwezi wa tisa, Baba yuko kitandani na mguu umening'inizwa, alikuja mzee mmoja kutoka juu, ametembea na kudandia malori siku nzima, amebeba jogoo. Akampa pole. Akamuuliza habari za mguu. Akaomba dua. Hakusema neno hata moja kuhusu mikorosho yake.

"Yule jogoo sikumla," Baba akasema. "Mlikula ninyi."

Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka kumi na sijawahi kukosa swali la kuuliza baada ya jibu. Siku ile nilikosa. Tulikaa tu pale chini ya mwembe, daftari katikati yetu, mpaka Mama akatuita kula.

Kesho yake nikapanda Newala kumwona Bwana Mifugo. Amestaafu, anafuga kuku wa kienyeji. Nilichukua bodaboda makusudi, Boxer yenye siti iliyoshonwa kwa nailoni, kijana wa miaka kama ishirini na mbili. Mkandarasi alikuwa ameanza kazi. Ni mradi wa lami kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, pamoja na daraja jipya la Mwiti. Vipande vingine vilikuwa vimeshindiliwa vyekundu na laini kama meza, vingine bado vile vile. Tulipofika kwenye mchanga nikategemea kijana asimame juu ya vikanyagio. Hakusimama, atasimamaje na mimi nipo nyuma? Alitoa miguu yote miwili akawa anatembea nayo pembeni kama bata, gia ya kwanza, injini inachemka. Nikamweleza kwa sauti mambo ya Baba, uzito nyuma, ongeza mafuta. Akanijibu bila kugeuka: "Kaka, huyo mzee wako alikuwa na abiria?"

Kweli. Sharti la kwanza. Hawa vijana siku zote wana mzigo.

Bwana Mifugo alinipokea vizuri mno. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba mwanangu, hujambo, mguu wa mwenzangu unasemaje?" Tukanywa chai. Nikamweleza kwamba Baba ameniambia yote, korongo, lori, taarifa, kwa hiyo hana haja ya kuficha tena. Akasikiliza kwa makini, akaweka kikombe chini.

"Mbuzi alikuwepo," akasema. "Mweupe, ana doa jeusi sikioni."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikarudia kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyesema. Akaniambia Baba aligonga kichwa siku ile, hawezi kukumbuka vizuri, na kwamba taarifa aliyosaini 1995 anaisaini hata leo. Kisha akainuka kunionyesha kuku wake.

Rasimu ya makala hii nilimsomea Baba kwa simu, yote, kuanzia sanduku la bati. Hakunikatiza isipokuwa mara moja, pale nilipoeleza magurudumu ya DT. Nilikuwa nimeandika tairi la nyuma ni inchi kumi na tisa, akasema ni kumi na nane, la mbele ishirini na moja, nifute hiyo sehemu kama siijui. Nimeifuta. Nilipomaliza nikamuuliza kama niondoe habari za jogoo.

"Hapana. Jogoo muache, aandikwe." Akafikiri kidogo. Nilisikia Mama akiuliza nyuma yake ni nani kwenye simu. "Ila na wewe mbuzi ungemwachia mwenzangu. Ni wake."